Mfuko wa Serikali na Elimu ya Seli Shina

Wazee wetu walisema kwamba mkono mtupu haulambwi. Neno hili husemwa zaidi juu ya urafiki na mapenzi, lakini ni kweli pia katika elimu. Mtaalamu, hata akiwa na akili kama nini, hawezi kufanya kazi pasi na maabara, vyombo, dawa, umeme na mishahara ya wasaidizi wake. Vitu hivi vyote hununuliwa kwa fedha, na katika nchi nyingi mfuko mkubwa kuliko mifuko yote ni ule wa serikali, unaojazwa kwa kodi za raia. Kwa hivyo mtu akitaka kujua kwa nini elimu fulani imekwenda mbio na nyingine imekwama njiani, haimtoshi kutazama akili za wataalamu. Yampasa atazame vile vile ni nani aliyeufungua mfuko, ni nani aliyeufunga, na kwa masharti gani.

Leo twataka kulieleza jambo hili kwa mfano mmoja, nao ni utafiti wa seli shina. Tumeuchagua mfano huu kwa sababu mbili. Ya kwanza, wahusu maradhi yaliyomo majumbani mwetu, kama kisukari cha watoto na selimundu. Ya pili, wagusa swali zito la dini na dhamiri, nalo ni heshima ya mwanzo wa mwanadamu. Baba na mama wenye mtoto mgonjwa husikia khabari za tiba mpya kila siku, na vijana wetu huulizwa shuleni maswali ambayo sisi hatukuulizwa. Si vyema kwamba wote hao wabaki gizani.

SELI SHINA NI KITU GANI?

Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo seli, ambazo hazionekani ila kwa hadubini. Kila aina ina kazi yake: ziko za damu, za ngozi, za moyo, za neva. Seli ya moyo haigeuki kuwa ya ngozi. Lakini ziko seli nyingine ambazo bado hazijapewa kazi maalumu, nazo hujigawa zikazaa seli za namna mbali mbali. Hizi ndizo seli shina. Mfano wake ni shina la mgomba: mti mkubwa hukatwa, na shina likaendelea kutoa machipukizi.

Seli shina ni za namna mbili kubwa. Namna ya kwanza ni zile zilizomo ndani ya mwili uliokwisha kuumbika, kama zile za uboho wa mifupa zinazozaa damu. Hizi hazina mzozo. Daktari E. Donnall Thomas wa Marekani alianza kuwatia wagonjwa uboho wa watu wengine katika mwaka 1957, na mwaka 1990 akapewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Namna ya pili ni zile zitolewazo katika kiinitete, yaani kiini cha mimba cha siku tano hivi, ambacho hakijafikia hata ukubwa wa chembe ya mchanga. Hizi zaweza kugeuka seli za kila aina ya mwili. Huchukuliwa katika viini vilivyobaki kwenye hospitali za kutibu utasa, ambako mbegu ya mume na yai la mke hukutanishwa ndani ya chombo cha kioo. Lakini ili kuzipata, kiini chenyewe huharibika. Hapa ndipo mzozo ulipoanzia, na hapa ndipo mikono ya serikali ilipoingia.

SHERIA ISIYOKATAZA

Katika mwaka 1996 Bunge la Marekani lilitia kifungu ndani ya sheria ya matumizi ya serikali, na kifungu hicho kikajulikana kwa majina ya wabunge wawili, Dickey na Wicker. Kilisema kwamba fedha za hazina kuu zisitumike kuumba viinitete vya watu kwa ajili ya utafiti, wala katika utafiti unaoviharibu. Kimekuwa kikirudiwa mwaka baada ya mwaka.

Msomaji na alizingatie jambo hili vizuri. Sheria hiyo haikusema kwamba kitendo chenyewe ni marufuku. Ilisema tu kwamba hazina kuu haitakilipia. Mwenye fedha zake aliachwa afanye apendavyo, na serikali, kwa kuwa haikulipa, haikuwa na sauti kubwa juu yake.

Matokeo yake yalionekana upesi. Mwaka 1998 James Thomson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alifaulu, wa kwanza duniani, kuzitoa na kuziotesha seli shina za kiinitete cha mtu. Ilimbidi aifanye kazi hiyo katika chumba cha mbali, kisicho na chombo kilichonunuliwa kwa fedha za serikali kuu. Fedha alizipata kwa kampuni ya Geron ya California na kwa wakfu wa chuo chake. Wakfu huo ukapata hataza, yaani hati za kumiliki uvumbuzi, na kampuni ikapata haki za biashara juu ya baadhi ya seli zitakazozalishwa. Ndivyo ilivyo desturi ya mali: aliyelima shamba ndiye adaiye mavuno. Raia, ambao serikali yao ilikaa kando, hawakuwa na la kudai.

AMRI YA TAREHE 9 AGOSTI 2001

Rais George W. Bush aliposhika madaraka alilikuta swali hili mezani. Upande mmoja walikuwapo wagonjwa na wazazi waliolilia tiba. Upande wa pili walikuwapo raia wengi walioamini kwamba kiini ni mtu tangu mwanzo wake, na ambao hawakukubali kodi zao zilipie kuharibiwa kwake. Usiku wa tarehe 9 Agosti 2001 aliwahutubia watu wake akachagua njia ya katikati. Alisema kwamba seli zilizokwisha kutolewa kabla ya siku ile zaweza kusaidiwa kwa fedha za serikali, kwa kuwa viini vyake vimekwisha kuharibika. Zitakazotolewa baada ya siku ile hazitapata hata senti moja.

Rais alisema kwamba nasaba za seli zilizokuwapo zilizidi 60. Baadaye zilihesabiwa 78. Lakini wataalamu walipozitaka, zilizopatikana kwa kweli zilikuwa kiasi cha 21 tu. Nyingine hazikuota vizuri, na nyingine hazikuweza kufika mikononi mwao. Tena nasaba hizo zilikuwa zimeoteshwa pamoja na seli za panya, na hilo lilitia shaka kama zafaa kutiwa ndani ya mwili wa mgonjwa.

Shida nyingine ilikuwa ya ndani ya maabara. Mtaalamu mwenye seli za namna zote mbili, zilizoruhusiwa na zisizoruhusiwa, ilimpasa awe na vitu viwili viwili: hadubini mbili, friji mbili, na daftari mbili za hesabu, ili senti ya serikali isigusane na kazi iliyokataliwa. Chuo tajiri kiliweza kustahimili hayo. Chuo maskini kiliiacha kazi. Amri iliyokusudiwa kulinda dhamiri ikawa pia, bila ya kukusudiwa, imechagua nani atakayetafiti na nani atakayekaa nje.

Wako waliohama. Roger Pedersen wa California alikwenda Cambridge, Uingereza, mwaka huo huo wa 2001. Wako waliobaki wakatafuta wafadhili. Douglas Melton wa Chuo cha Harvard, ambaye watoto wake wawili wana kisukari cha utotoni, alikusanya fedha za watu binafsi, akatoa nasaba mpya 17, na mwaka 2004 akaanza kuwagawia wataalamu wenziwe.

MLANGO WENYE BAWABU

Uingereza ilifuata njia nyingine. Sheria yao ya mwaka 1990 iliruhusu utafiti juu ya viinitete kwa sharti kwamba visizidi siku 14, na kwamba kila mtafiti awe na leseni kutoka chombo maalumu cha ukaguzi. Mwaka 2001 wakaongeza ruhusa ya kutafuta tiba kwa seli shina, na serikali ikatoa fedha. Mtu aweza kuikubali hukumu yao au kuikataa, lakini nidhamu yao yaonekana: mlango ulifunguliwa, na bawabu akasimama mlangoni. Aliyefadhiliwa na serikali na aliyefadhiliwa na kampuni wote walipita mbele ya bawabu yule yule.

Huko Marekani, wananchi wa California hawakungoja. Bwana Robert Klein, ambaye mtoto wake aliugua kisukari, aliongoza kampeni, na mwezi wa Novemba 2004 wapiga kura 59 katika kila 100 walikubali jimbo lao likope dola bilioni 3 kwa ajili ya utafiti huu. Kesi za wapinzani ziliuzuia mkopo huo mpaka mwaka 2007. Mwaka 2020 waliombwa tena wakubali dola bilioni 5.5, wakakubali, lakini mara hii kwa shida, waliozidi nusu kidogo tu. Kwa nini walipungua? Kwa sababu wengi waliona kwamba ahadi za kampeni ya kwanza zilikuwa kubwa kuliko matunda yaliyokwisha kuonekana. Tena wakaguzi walilalamika kwamba katika baraza la kugawa fedha wamekaa watu wa vyuo vile vile vinavyopokea fedha hizo. Mgawaji akiwa ndiye mgawiwa, hata akifanya uadilifu hatasalimika na tuhuma.

Bunge la Marekani lilijaribu mara mbili kuilegeza amri ya mwaka 2001, na mara mbili Rais Bush akakataa kuutia mswada saini, mwaka 2006 na mwaka 2007. Tarehe 9 Machi 2009 Rais Barack Obama aliifuta amri hiyo. Watafiti walifurahi, lakini furaha yao haikutulia. Tarehe 23 Agosti 2010 hakimu mmoja wa Washington aliamuru fedha zisimamishwe kwa hoja ya kile kifungu cha mwaka 1996. Mahakama ya juu yake ikaiondoa amri hiyo kwa muda, na kesi ikaburutwa mpaka Januari 2013, Mahakama Kuu ya nchi ilipokataa kuisikiliza.

Fikiri, ewe kijana, kama wewe ungekuwa mwanafunzi wa elimu hiyo katika miaka ile. Seli haziwekwi kabatini zikangoja mahakimu. Huhitaji kulishwa na kuangaliwa kila siku, na kazi ya miaka huweza kuharibika kwa kukatika fedha kwa miezi michache. Basi mfuko unaofunguliwa na kufungwa kama dirisha lisilo na komeo wakati wa upepo huweza kudhuru kuliko mfuko mdogo usiobadilika.

JAPANI NA KOREA

Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto alitangaza jambo la ajabu. Alichukua seli za kawaida za panya, akatia ndani yake jeni nne, nazo zikarudi kuwa kama seli shina za kiinitete. Mwaka 2007 yeye na pia jamaa za Thomson huko Wisconsin walifanya hivyo kwa seli za watu. Hakuna kiini kilichoharibiwa. Yamanaka alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2012 pamoja na John Gurdon wa Uingereza.

Waliopinga utafiti wa viini walisema: “Tazameni, kufunga mfuko kumezaa kheri.” Katika neno hili mna kweli kiasi, kwa sababu haja ya kukwepa mzozo iliwasukuma watu watafute njia nyingine. Lakini insafu yatutaka tuseme nusu ya pili. Yamanaka alikuwa Japani, wala hakufungwa na amri ya Bush. Tena alizijua zile jeni kwa sababu wenziwe walikuwa wamekwisha kuzichunguza seli za viini. Serikali ya Japani nayo ilipoyaona matunda iliufungua mfuko: mwaka 2013 iliahidi yeni bilioni 110 kwa miaka kumi. Mwaka huo huo ilipitisha sheria za kuharakisha, ambazo huruhusu baadhi ya tiba kuuzwa kwa masharti kabla ya ushahidi wake kukamilika, na wataalamu wengi wa nje wamezilaumu kwa hilo.

Mfano wa Korea Kusini ni wa kutisha zaidi. Profesa Hwang Woo-suk wa Seoul alitangaza mwaka 2004 na 2005 kwamba amepata seli shina kwa njia ya kunakili viini vya watu. Serikali ilimmiminia fedha, ikampa cheo cha mwanasayansi mkuu, na picha ya kazi yake ikatiwa katika stempu ya posta. Walioshuku waliitwa maadui wa taifa. Kisha ikabainika kwamba ushahidi wake ulikuwa wa kubuni. Mwaka 2009 mahakama ilimtia hatiani kwa ubadhirifu wa fedha za utafiti. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Serikali ile ilitoa mali na sifa, ikasahau kutoa mkaguzi.

WANACHUONI WETU WAMESEMA NINI?

Mwezi wa Desemba 2003 Baraza la Fiqhi la Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu lilikutana Makka likalizungumza jambo hili. Uamuzi wake kwa ufupi ni kwamba yafaa kuzipata na kuzitumia seli shina kwa tiba na utafiti halali, ikiwa chimbuko lake ni halali: kwa mtu mzima aliyeridhia, kwa kondo la nyuma na damu ya kitovu cha mtoto, kwa mimba iliyotoka yenyewe, na kwa viini vilivyozidi katika matibabu ya utasa kwa ridhaa ya wenyewe. Wakakataza kuzichukua katika mimba iliyotolewa makusudi bila ya sababu ya kitabibu inayokubaliwa na sharia, na wakakataza kuumba kiini makusudi kwa mbegu na yai la watu waliojitolea. Wanachuoni wengi huegemea kwamba roho hupulizwa baada ya siku 120, lakini hilo halina maana kwamba kilicho kabla ya hapo hakina hishima.

Basi hukumu ipo. Lakini fatwa hainunui hadubini. Huko Iran, taasisi ya Royan ya Tehran, iliyoanzishwa mwaka 1991 kwa matibabu ya utasa, ilipata idhini ya kiongozi wa nchi Ali Khamenei mwaka 2002 kufanya utafiti wa viini, na mwaka 2003 ikatangaza nasaba yake ya kwanza. Huko idhini ya wanachuoni na fedha za serikali zilitembea pamoja. Katika nchi nyingine nyingi za Waislamu idhini imekaa vitabuni na mfuko umefungwa. Si kwa dhamiri, bali kwa kutojali, watu wake wakangoja wanunue kwa wengine kile ambacho wangeweza kushiriki kukitafuta.

MATUNDA NA WALAJI WAKE

Baada ya mabishano ya miaka 20 na zaidi, yako matunda yaliyoanza kuiva. Kazi ya Melton ilizaa kampuni, na mwaka 2019 kampuni hiyo ikanunuliwa na kampuni ya Vertex kwa dola milioni 950. Mwezi wa Juni 2025 ilitangazwa kwamba katika wagonjwa 12 wa kisukari cha aina ya kwanza waliopewa dozi kamili ya seli zilizotengenezwa maabara, 10 hawakuhitaji tena insulini baada ya mwaka mmoja. Ni khabari njema. Lakini hayo ni majaribio ya watu wachache, na iliwabidi watumie dawa za kupunguza kinga ya mwili. Asithubutu mzazi yeyote kumwachisha mtoto insulini kwa kuisikia.

Katika selimundu, mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba iitwayo Casgevy, ambayo hurekebisha seli shina za damu za mgonjwa mwenyewe kisha humrudishia. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Na Tanzania peke yake hukadiriwa kuzaliwa watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Dau la mnyonge haliendi joshi. Mwaka 2019 taasisi ya afya ya serikali ya Marekani na wakfu wa Gates ziliahidi dola milioni 100 kila moja kutafuta tiba za jeni za selimundu na UKIMWI zitakazoweza kutumika Afrika. Dodoma nako, Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza uboho watoto wenye selimundu. Hatua hizi ni chache, lakini zathibitisha kwamba mfuko ukielekezwa kwa wanyonge, elimu nayo huelekea huko.

FUNZO

Tumejifunza nini katika khabari hizi zote? Kwanza, serikali isiyotaka kulipa haikuizuia kazi. Iliisukuma tu kwenye mikono ambayo haina wajibu wa kumjibu raia. Kama jambo ni ovu, na likatazwe kwa wote, tajiri na maskini. Kama lafaa kwa masharti, serikali na itie fedha na masharti pamoja. Kulifumbia jicho na kujiona mikono ni safi si uchamungu.

Pili, fedha pasi na ukaguzi ni fitina, kama tulivyoona Korea. Mali bila daftari hupotea bila khabari, na katika tiba hupotea na roho za watu pia. Tatu, aliyelipa ndiye atakayechagua ni maradhi gani yatafutiwe dawa na kwa bei gani iuzwe. Tukikaa bila ya kutoa tusistaajabu tukiachwa.

Enyi wazazi, akikujieni mtu akasema ana seli shina za kutibu kila maradhi, kwa fedha taslimu na bila ya uthibitisho wa wizara ya afya, jihadharini naye. Kila elimu ya kweli ina wezi wanaotembea nyuma yake. Nanyi vijana, someni elimu ya viumbe na msome fiqhi, wala msiitenge moja na nyingine. Siku moja mmoja wenu atakaa katika baraza linalogawa fedha za umma, na mwingine atakaa mbele ya hadubini. Yule wa barazani akumbuke mtoto mgonjwa na pia dhamiri ya mlipa kodi. Yule wa maabara akumbuke kwamba kila senti aitumiayo ni amana, na kwamba ataulizwa juu yake hapa duniani na kesho akhera.

Wabillahi taufiq.